Bi Soma-Kwanza na Namba Zake Mbili

Ijumaa ijayo, tarehe thelathini, saa kumi alasiri, Mkuu wa Maabara ya Kadi atakabidhi ufunguo wa chumba namba kumi na nne na kwenda nyumbani, baada ya kuitumikia idara yetu ya viwango kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Hesabu hiyo ni yake. Barua ya utawala ilisema miezi mitatu, akairudisha.

Wengi wenu mnamwita Bi Soma-Kwanza, na waliokuja juzijuzi hudhani jina hilo lilitokana na ukali. Ukali anao, lakini jina lina kisa chake, nami nilikuwapo kama mwandishi wa kumbukumbu za vikao.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Kila akirejesha rasimu za wahandisi, pembeni palikuwa na alama ndogo ya penseli: hapa mmesema hivi, ukurasa wa tisa mmesema vingine. Mara ya nne mhandisi mkuu alisalimu amri. “Dada, hamia huku kwetu,” alimwambia, “maana sasa tunaona haya kukuletea kazi.”

Wakati huo kila ofisi ya umma ilikuwa na kadi yake ya chipu. Mtu alitembea na kadi sita mfukoni, na hakuna mashine iliyokubali kusoma kadi ya ofisi ya jirani. Kazi yake ikawa kutafuta kiwango kimoja cha wote. Alipanga mashine kumi na moja juu ya meza ndefu, akajaza kadi kwenye boksi la viatu, kisha akaijaribu kila kadi kwenye kila mashine. Zoezi hilo aliliita posa. Asubuhi tulikuta ubaoni ameandika kwa chaki: “Kadi ya hospitali kwa mashine ya ardhi: posa imekataliwa.” Mumewe, ambaye ni fundi saa, alimwazima lenzi yake ya jichoni, na kwa lenzi hiyo mkewe aligundua kwamba kiwanda kimoja kilikuwa kikibandika chipu kando ya mahali pake kwa upana wa unywele. Wahandisi walikuwa wameitafuta sababu hiyo mwaka mzima.

Nilikuwa nimeishi miaka mingi nikiamini kwamba siri ni jambo ambalo walau mtu mmoja analijua. Siku moja alinionyesha chipu ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, akanieleza kuwa ndani yake huzaliwa namba asiyoijua mwenye kadi, wala kiwanda, wala serikali. Hufanya kazi yake humo humo na kufia humo humo, bila kutoka nje hata mara moja. Kwa namba hiyo mtu aliye mbali anathibitisha kuwa ni yeye, na kwa namba ya pili, pacha wake, anatia saini asiyoweza kuikana. Nilivuta kiti nikakaa. Mpaka leo nikiishika kadi yangu huishika kwa mikono miwili.

Ugomvi ulizuka kwenye rasimu ya mwisho. Wajumbe wa ofisi sita walitaka namba moja ya siri, ile anayoikariri mwenye kadi, ifungue yote mawili, kuingia kwenye mfumo na kutia saini, kwa kuwa watu husahau. Yeye, mjumbe wa saba, alitaka namba mbili. “Kujitambulisha ni kusema nipo,” alirudia kila kikao. “Kutia saini ni kusema nimekubali. Mnataka kuyafunga kamba moja?” Walimwona king'ang'anizi.

Rasimu ilitakiwa kuidhinishwa kwa saini saba, kwenye mfumo wa majaribio uliotumia namba moja. Asubuhi ya kikao alichomeka kadi yake ili aifungue rasimu na kuisoma tena. Kabla hajakaa vizuri, kwenye skrini ya ukutani pakaandikwa: saini saba kati ya saba. Namba yake ya kuingilia ilikuwa imeuacha wazi mlango wa saini, na mfumo ukaigonga saini yake kwenye kila hati iliyokuwa ikimsubiri.

“Saini ni yako, mama,” mwenyekiti alisema. “Kadi yako, namba yako. Na kanuni uliyoiandika mwenyewe inasema haikaniki.”

Akiikana, angebomoa imani ya saini ya kielektroniki aliyoijenga kwa miaka tisa. Akiikubali, kadi ile ingeenda mikononi mwa kila mtu ikiwa na kasoro hiyo hiyo. Akaomba mapumziko ya chai.

Tuliporudi aliwaomba wajumbe wachomeke kadi zao wafungue orodha ya mahudhurio. Walifanya hivyo wakitafuna biskuti. Ukutani ikatokea hati: “Niliyetia saini hapa chini nakubali kuosha vikombe vya idara hii kwa mwaka mzima.” Saini sita, zote halali, ya mwenyekiti juu kabisa.

Mhudumu wa chai, aliyekuwa mlangoni na sinia, aliisoma kwa sauti. “Basi mwenyekiti aanze leo,” alisema. “Sabuni ipo.”

Kicheko kilipotulia, Bi Soma-Kwanza alisimama. “Yangu siikani. Hisabati iko sawa. Ila mimi sikukubali, kama ambavyo nyinyi hamkukubali vikombe.”

Rasimu iliondolewa. Ilichukua miezi kumi na minne kuiandika upya: namba mbili, mlango wa saini unaojifunga kila baada ya saini moja, na hati inayofunguka nzima mbele ya macho, chini yake maneno aliyoyatunga yeye: “Soma kwanza. Hapa unatia saini.” Mwenyekiti, tumpe haki yake, aliosha vikombe siku ile, tena vizuri.

Baadaye sana Bi Soma-Kwanza aliniambia kuhusu mama yake. Watu walikuja mlangoni na karatasi, wakamwambia aweke dole gumba la mahudhurio ya mkutano. Ilikuwa ridhaa ya mtaa mzima kuhama. “Mama hakuwa mjinga,” alisema. “Aliambiwa ni mahudhurio.” Nami pia nilitoka kwetu kwa karatasi ya namna hiyo.

Jumatatu iliyopita aliitwa utawala kutia saini fomu ya kustaafu. Karani mpya, asiyejua ameketi na nani, alimhimiza: “Ni fomu ya kawaida tu, mama. Weka namba ya pili tumalize.” Akavaa miwani. Alisoma kurasa zote kumi na tisa, na foleni ikafika kwenye ngazi. Hakukuta kosa.

“Si nilikwambia?” karani alisema.

“Uliniambia, mwanangu. Sasa nimekubali.” Akaweka namba ya pili.

Mkuu wetu, asante kwa kila alama ya penseli. Tunakutakia afya tele na asubuhi zisizo na haraka kando ya meza ya fundi saa. Sisi wafanyakazi wenzako arobaini na wawili tumetia saini hapa chini, kila mmoja kwa namba yake ya pili, baada ya kusoma mpaka neno hili la mwisho.