Bi Mwatum binti Usi, Aliyeotesha Mikarafuu ya Kidichi (1911–1959)

Tumeshamsitiri Bi Mwatum binti Usi. Kabla watu hawajatawanyika, jamaa wamemtaka mdogo wake, Borafya, awasomee machache ya maisha yake.

Bi Mwatum alizaliwa Jambiani mwezi wa Juni 1911, mtoto wa kwanza wa Mzee Usi Hija na Bi Kidawa. Skuli hakwenda, lakini chuoni kwa Maalim Miraji alihitimu Kurani akiwa na miaka kumi na miwili. Baada ya hapo alifukia makumbi ya nazi pwani na mama yake na kusokota kamba.

Kamba hizo ndizo zilizomleta Bwana Himid bin Salem, mnunuzi kutoka Mji Mkongwe. Walioana Agosti 1929, wakahamia Kidichi kwenye shamba dogo alilorithi Bwana Himid. Bi Mwatum alitoka nchi ya mawe. Mkarafuu alikuwa hajauona. Wiki ya kwanza alitafuna karafuu mbichi kiganja kizima, wifi zake wakamsemesha asiweze kujibu kwa ganzi. Kisa hicho alipenda kukisimulia mwenyewe, akicheka.

Mwaka 1951 mikarafuu ilianza kufa. Mti uligeuka manjano, na baada ya wiki mbili ulikuwa kuni. Kufikia Julai 1952, katika miti arubaini ulibaki mmoja, nao umejaa karafuu. Bi Mwatum aliomba usichumwe, karafuu ziachwe ziwe matunda apate mbegu. Bwana Himid alikataa, kwani hayo ndiyo yalikuwa mavuno pekee ya nyumba. Wachumaji walipofika na ngazi, walimkuta Bi Mwatum amekaa shinani.

"Ondoka, Mwatum," alisema mumewe.

"Siondoki. Mkiuchuma huu, mti ukifa hatuna hata mbegu."

"Na mbegu zisipoota?"

"Zisipoota, nrejeshe kwetu Jambiani."

Bwana Himid akasema mbele ya wachumaji wote, "Nimekubali. Zisipoota, utarudi kwenu." Ngazi zikaondolewa.

Matunda yaliiva Disemba. Mbegu ya mkarafuu haiwekeki; ikikauka imekufa. Aliokota matunda mia mbili na kumi na mawili, akayaroweka, akayamenya kwa vidole, na siku ya tatu akazifukia mbegu chini ya kivuli cha makuti. Wiki tatu zilipita, udongo umelala vile vile. Mumewe hakuuliza, lakini kila akitoka msikitini alipitia kitaluni, na Bi Mwatum akimwona. Wiki ya tano alikunja nguo zake akazitia kikapuni. Siku ya thelathini na nane chipukizi jekundu la kwanza lilipasua udongo. Alikaa chini pale pale, hakumwita mtu.

Kiangazi kile kisima kilikauka. Alichota maji bondeni, safari sita kwa siku, na bado miche mingi ilikufa. Masika ya 1954 alihamishia shambani sitini na mmoja. Leo iko kumi na tisa. Haijazaa, na kama itauhimili ugonjwa ule, hapana ajuaye.

Oktoba iliyopita miguu ilianza kumvimba. Hospitali mjini walisema ni moyo. Alilazwa wiki tatu, akaomba arudishwe kwake. Juma lililopita Bwana Himid alimuuliza kama ana kinyongo naye.

"Ninacho," alijibu. "Kukubali kunifukuza ulikubali mbele ya watu. Radhi ukaniomba chumbani."

Alifariki alfajiri ya leo, Alhamisi tarehe 12 Machi 1959, mwezi pili Ramadhani.

Bwana Himid amesimama hapa kaburini. Ametaka isomwe kwa sauti, na wawili kati ya wachumaji wa siku ile wakiwapo: alikosea, mkewe alikuwa na haki, na anamwomba radhi mbele yenu.

Marehemu ameacha mume, binti wawili, Mwanamwema na Kulthum, wajukuu watatu, na mdogo wake anayesoma haya. Mola amghufirie, ampanulie kaburi lake, na amlaze kwa amani. Amin.