Askofu Iddibali, Aliyekaa Mlangoni na Gududa

Ndugu wafiwa na majirani, familia imenituma mimi, Miggini, mtoto wa dada yake, niwasomee maisha ya mpendwa wetu Askofu Iddibali, aliyezaliwa hapa Tamasa, Numidia, mwezi Oktoba, mwaka wa kumi na mbili wa Kaizari Severo, mtoto wa Barika, mkamuaji wa mafuta ya zeituni. Kusoma na kuandika alijifunzia Sirta kwa miaka minne, akarudi kukamua mafuta na baba yake, na alipotimiza miaka ishirini na mitano akamwoa Sanata, tuliye naye hapa, wakajaliwa binti mmoja, Namgide.

Aliwekewa mikono kuwa askofu mwaka wa pili wa Kaizari Filipo, na kazi yake mnaijua, kuwagawia wajane mkate, kusuluhisha ugomvi wa mbuzi na mipaka, kukaa na mgonjwa hadi apate usingizi.

Kaizari Desio alipotuamuru tuifukizie miungu uvumba, Saturo, kaka mkubwa wa marehemu na mama yangu, alikataa, akafia gerezani, lakini Gududa mkunga alifukiza, kisha akawa analia mlangoni pa kanisa, akazuiwa kuingia kwa miaka miwili, na mjomba alipotaka kumpokea, aliyemzuia zaidi ni mama yangu.

"Kaka, Saturo kaoza gerezani, wewe unataka nimege mkate na huyu?"

"Dada, siku zile sikuwa safarini Sirta kama nilivyowaambia. Nilijificha pangoni kwa mchunga mbuzi. Kama ni woga, mimi na Gududa ni mamoja."

Jumapili iliyofuata aliliungama hilo mbele ya wote, wengine wakataka aondolewe, naye akabeba kiti chake akakiweka mlangoni kando ya Gududa, akasalisha hapo majira yote ya baridi, akipigwa na upepo, mama yangu akiwa hamsemeshi, mpaka asubuhi ya Pasaka mama alipoinuka, akawashika mikono wote wawili, akawaingiza ndani.

Mwaka jana tauni ilipotuingilia alibeba wagonjwa mgongoni, wa kwetu na wa wapagani, homa ikampata, akafariki tarehe tatu Machi, mwaka wa nne wa Kaizari Valeriani, akiwa na miaka hamsini na miwili.

Tunamshukuru tabibu aliyekuja kila siku, majirani waliotuletea maji na kuni, mashemasi wake, na Gududa na mama yangu, waliopokezana kumuuguza.

Mjomba, umechoka kwa ajili yetu, sasa pumzika kwa amani.