Mzee Chaji, Mkaguzi wa Soketi za Watu

Baada ya miaka thelathini na minne katika ukumbi wetu wa kuuzia magari, Mzee Chaji anastaafu Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane. Nimeombwa mimi wa kaunta ya vipuri niandike haya, nadhani kwa sababu mimi ndiye niliyemtania kuliko wote.

Miaka ishirini na mitano aliuza magari ya petroli kama sisi. Magari ya umeme yalipoletwa hakuna aliyeyataka, si wateja si wauzaji, basi akasukumiwa yeye. Meza yake ikahamishiwa pembeni kabisa, jirani na mlango wa choo, na kwa miezi mingi waliopita pale walikuwa na haja zao nyingine.

Wachache waliosimama walikuja na hofu. Je, litatuzimikia njiani? Mvua ikinyesha halitatupiga shoti? Mwalimu mmoja wa sekondari alibonyeza kitufe cha kuwasha mara sita, kila mara akilizima mwenyewe, maana hakusikia mngurumo. Mzee alimwacha mpaka akachoka, kisha akamwomba akanyage taratibu tu. Gari likaondoka kimya, mwalimu akacheka mpaka machozi. Akanunua, na wenzake wanne shuleni wakamfuata.

Alikuwa na utaratibu wake. Kila aliyenunua, jioni ile ile Mzee alimfuata nyumbani kukagua soketi. Aliigusa kwa kiganja kuona kama inapata moto, akakaa hapo gari likichaji, akajibu maswali ya majirani waliokuja kushangaa, na chakula kikiiva akakaribishwa mezani. Majirani hao ndio waliokuja ukumbini mwezi uliofuata. Mwaka jana, katika kila magari kumi tuliyouza, saba yalikuwa ya umeme.

Sisi tuliona bidii ya kazi tu. Shemeji yetu, mkewe, alifariki mwaka ule ule magari hayo yalipoletwa, na watoto wao wanaishi mbali. Hakuna kati yetu aliyeunganisha mambo hayo mawili, na mwenyewe hakusema.

Siku hizi mteja anafika akiwa ameshaelezwa yote na dada yake au jirani. Anauliza rangi tu. Tangu mwezi wa tatu hakuna aliyetaka kukaguliwa soketi. Mzee alimwomba meneja amruhusu aendelee kuwatembelea wateja hata bila malipo. Meneja akamjibu kwa upole kwamba hakuna haja, watu wameshazoea. Mzee akashukuru, akarudi mezani kwake, akakaa na koti mapajani mpaka tulipofunga. Nilimwona kupitia dirisha la vipuri, na hapo ndipo nilipoelewa. Niliona aibu sana.

Basi nakiri mbele yenu: mimi niliyeapa kufa na petroli nimenunua la umeme. Fundi ameshakagua soketi yangu, haina tatizo lolote. Hata hivyo nimemwomba Mzee aje Jumamosi jioni aiangalie. Aliuliza saa ngapi. Baada ya dakika kumi alirudi kaunta kuuliza tena, na kama anaweza kufika mapema kidogo.

Mzee wetu, kwa niaba ya wote, asante kwa kazi yako. Tunakuombea afya, na jioni zenye watu. Jumamosi njoo hata asubuhi.