Misuli, Ugali na Mwalimu Shabani Kaoneka

Tarehe 30 Juni 2004 Mwalimu Shabani Kaoneka anastaafu, baada ya kukitumikia chuo chetu cha ufundi hapa Magamba kwa miaka ishirini na minane. Alikuja mwaka 1976 akiwa fundi msaidizi wa uchomeleaji. Anaondoka akiwa Mkuu wa Karakana, na mageti mengi ya chuma utakayoyaona kuanzia Soni hadi Lushoto mjini yametoka mikononi mwake au mwa wanafunzi wake.

Wanafunzi wanamjua kwa nyundo yake ndogo. Huigonga kazi yako, hufumba macho, husikiliza. Akisema, “Hii inakohoa,” unajua umerudi mwanzo. Hajawahi kumfokea mtu kwa kazi mbaya. Anakuachia chuma chako na aibu yako, kisha anakuja kukushika mkono mrudie pamoja.

Lakini sisi wenzake tukimtaja tunaanza na mwaka 1993, alipoamua, akikaribia umri wa miaka arobaini na mitano, kushindana kutunisha misuli.

Vyuma vya mazoezi alivitengeneza mwenyewe kwa gia za kiwanda cha mbao kilichofungwa, akavipanga nyuma ya karakana. Jioni walimu na wanafunzi walikusanyika pale kunyanyua na kutaniana. Ruksa, yaani biashara huria ya miaka ile, ilikuwa imejaza maduka bidhaa ambazo zamani tulizisikia tu, na katika mabunda ya mitumba pale Soni mlikuwa na majarida ya kigeni ya wanaume waliotuna hadi shingo zikapotea. Mwalimu Shabani alinunua moja. Muda si mrefu akasikia kwamba Tanga kutakuwa na mashindano ya wasiotumia dawa za kujaza mwili. Akajiandikisha.

Miraba minne alikuwa nayo. Tatizo, kama alivyosema mwenyewe, misuli yake ilikuwa imevaa koti. Ilimbidi apunguze mafuta mwilini, na katika lile jarida, kwa msaada wa kamusi, alielewa jambo moja tu: adui ni wanga. Siku hiyo hiyo akaacha ugali, viazi, ndizi, wali na uji. Akabaki na mayai, kabichi, nyama ya kuchemsha ilipopatikana, na chai ya rangi isiyo na sukari.

Mkewe, Bi Zainabu, alijaribu kuvumilia. Mama yake alipotuma salamu kutoka Mlalo kuuliza habari za mkwewe, alijibu kwa kifupi kwamba baba watoto hali tena, anakimbia wanga. Bibi Rukia, mama huyo, alielewa wanga wale wa usiku. Akapanda basi dogo la kwanza, na alipofika hata mzigo hakuutua.

“Zainabu, mwanangu, ni nani hapa Magamba anayemwangia mume wako?”

Ilichukua muda mrefu kumweleza kwamba wanga hao wanakaa ndani ya viazi.

Tulicheka sana wakati ule. Baadaye kicheko kilikwisha, kwa sababu Mwalimu Shabani alikonda vibaya. Mashavu yaliingia ndani, shati likamning'inia, macho yakawa makubwa. Wanaoikumbuka miaka ile wanajua watu walisema nini juu ya mtu aliyekonda. Hawakusema kwa sauti. Bi Zainabu alikuwa akiuza chai na maandazi karibu na geti la chuo. Wateja wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Mwanamke mmoja alimrudishia kikombe kabla hajakinywea.

“Wewe unatafuta misuli,” Bi Zainabu alimwambia mumewe jioni ile, “mimi natafunwa na midomo ya watu.”

Mwalimu Shabani alikaa kwenye kigoda chake jikoni, akamtazama akiosha vikombe ambavyo hakuna aliyevitumia. Anasema hiyo ndiyo siku pekee aliyotaka kuyaacha mashindano. Rafiki mmoja alimshauri aende kupima ukimwi, arudi na cheti, awaonyeshe watu. Alikataa.

“Nikipima ili niwaonyeshe kwamba sina,” alisema, “yule atakayekuwa nao atajificha wapi?”

Wiki iliyofuata alianguka. Alikuwa amebeba bomba la chuma na mwalimu mwenzake Salimu, miguu ikamwisha nguvu, bomba likadondoka na kumkosa Salimu kidogo tu. Tukambeba hadi zahanati ya chuo. Sista Dorkasi alimpima presha, akampa uji wenye sukari, akasimama pale mpaka bakuli likaisha. Kisha akamuuliza anakula nini, na alipojibiwa akakaa chini.

“Mwalimu, kwenu baridi ikizidi na kuni zimekwisha, mnafanyaje?”

“Tunatafuta kuni.”

“Na zisipopatikana kabisa?”

“Tutavunja hata kitanda, Sista.”

“Basi mwili wako umeshaanza kuvunja kitanda. Umeunyima kuni, sasa unachoma misuli ile ile unayotaka kuionyesha Tanga.”

Alimweleza kwamba kalori ni kama kuni hizo, na kazi yake ilikuwa kupunguza kidogo tu chini ya anazotumia, ili mwili uchome mafuta taratibu. Wanga asiufukuze, aupangie saa. Sehemu kubwa ale kabla na baada ya vyuma, kidogo usiku. Siku ya mazoezi mazito aongeze, siku ya kupumzika apunguze. Mafuta ya kupikia yapungue. Maharage, dagaa, mayai na maziwa mgando visikosekane, maana hivyo ndivyo vinavyolinda misuli. Na aje kwenye mizani ya zahanati kila wiki. Uzito ukishuka haraka, ale zaidi.

Mwalimu Shabani alisikiliza kama anavyosikiliza chuma. Kisha akasema jambo tunalomheshimu nalo mpaka leo: “Mwite Zainabu, umweleze na yeye. Mimi nimeshamkosea jikoni kwake.”

Kuanzia hapo Bi Zainabu ndiye aliyeshika usukani. Alipima unga kwa kikombe kimoja kisichobadilika, akajua ugali kiasi gani unalingana na viazi vingapi, akamnyang'anya mumewe kijiko alipotaka kujiongezea, na siku nyingine alipotaka kujipunguzia. Mashavu yalirudi. Koti likazidi kuyeyuka, safari hii likaacha misuli mahali pake. Alipokwenda Tanga kuhakikisha jina lake, mwenye jimu mmoja alimwonyesha vidonge. “Mzee, umri umekwenda. Meza hivi, hakuna atakayejua.” Mwalimu Shabani akamshukuru, akamwambia yuko mtu nyumbani anayempimia unga, na huyo atajua.

Kabla ya mashindano, Mkuu wa Chuo alimwomba atuonyeshe mikao yake katika bwalo. Majirani walikaribishwa. Hakutegemea kumwona Bibi Rukia mlangoni. Tunajua mkwe na mkwe wanavyoheshimiana hapa kwetu! Akiwa na chupi ya mashindano tu, alikimbilia jikoni, akarudi amevaa kaptura ndefu na fulana. Bibi Rukia naye akageuza kiti, akawapa wote mgongo, akawa anauliza.

“Zainabu, amenona?”

“Amenona, mama.”

“Mikono?”

“Kama mti wa mkaratusi.”

“Alhamdulillahi. Basi endeleeni.”

Bwalo lilivunjika kwa vicheko na makofi. Asubuhi yake watu walipanga foleni kwenye maandazi, na yule mwanamke wa kikombe alikuwamo. Bi Zainabu alimmiminia chai kama wengine.

Tanga, Mwalimu Shabani alishika nafasi ya tatu, nyuma ya vijana wawili ambao angeweza kuwazaa. Zawadi ilikuwa seti ya sufuria. Aliibeba kichwani kutoka kituo cha basi huku akiitikia pongezi, akaikabidhi kwa mkewe mbele ya watu.

Hakushindana tena. Lakini mwaka 1998 mtunza stoo wetu, Tobia, alipougua kweli ugonjwa ule, na wengi wakawa wanamwachia salamu dirishani, Mwalimu Shabani aliingia ndani. Alimpimia uji, viazi na maharage kwa kikombe, safari hii akitafuta namna ya kuongeza, si kupunguza. Alikula naye sahani moja, mlango ukiwa wazi, ili wapitao waone. Tobia aliishi miaka mitatu zaidi ya tulivyodhani, akamwona bintiye akimaliza shule. Siku za mwisho alituambia kwamba katika ugonjwa wake wote hakuwahi kula peke yake.

Mwalimu Shabani, kwa kazi ya mikono yako na kwa moyo huo, tunasema asante, wewe na Bi Zainabu. Mwenyezi Mungu awape afya, mvua za wakati, na wageni wengi mezani. Mlale salama, mwamke salama, na njia ya kuja Magamba isiote majani.

Edgar Mahimbo, kwa niaba ya wafanyakazi wote