Gasper Wanzagi, Fundi wa Taa za Dagaa

Marehemu Gasper Wanzagi alizaliwa Butiama tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa nne wa Mzee Wanzagi Magige na Mama Helena. Wengi mmemsifia upole tangu msiba uanze, na ni kweli alikuwa mpole. Lakini mpole huyu alituchosha, na mdogo wake Werema, anayewasomea haya, hataficha hilo mbele ya jeneza.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Butiama, 1973 hadi 1979. Akaanza kujifunza useremala, akaacha. Akaanza ushonaji, akaacha. Mwaka 1983 alikwenda Bunda kwa mjomba wetu, fundi redio, na huko akajifunza kutengeneza karabai, zile taa za kuvulia dagaa usiku. Mkono wake uliukubali ufundi huo mara moja, na kwa kuwa ulimjia kwa urahisi, akauona si kazi ya mtu mzima.

Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa kanisani na Scholastika Matiko wa Bunda. Shemeji, pole. Wakahamia Musoma, na mwaka 1996 wakapanga fremu ya duka mtaa wa Nyasho. Humo kaka aliuza saruji, kisha mitumba, kisha vyombo vya plastiki, kisha chakula cha kuku, kwa sababu kila jirani akinunua pikipiki, yeye aliamini siri iko kwenye bidhaa ya jirani. Kila biashara iliongezwa kwenye kibao cha mlangoni, na hakuna iliyofutwa. Njia mbili zilimshinda fisi. Kaka yetu alikuwa nazo nyingi zaidi. Karabai aliwatengenezea watu kama hisani tu.

Sasa sikilizeni kilichotuudhi kuliko vyote. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, maana taa hazivuti dagaa penye mwanga wa mwezi. Mzunguko wa fedha mjini unapoa. Gasper alikuwa akisema biashara imelala, anafunga duka, anakwenda Bunda kutafuta wazo jipya. Na siku hizo hizo ndizo wavuvi wa kisiwa cha Rukuba walizokuwa na nafasi ya kuleta taa zao mbovu. Wakifika, wanakuta kufuli.

Mwaka 2004 mwenye fremu alikuwa ameshawapa notisi ya kuhama, na binti yao Esta amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Mbalamwezi ilipowaka, Gasper akaondoka kama kawaida. Safari hii Scholastika alibaki na ufunguo, akafungua duka mwenyewe. Hadi mchana kibaraza kilikuwa kimejaa taa. Ngusa, mvuvi wa Rukuba ambaye yuko nasi hapa leo, alimwambia, “Mama, sisi tunakujaga mbalamwezi tu, na mbalamwezi ndio mzee anafungaga.”

Gasper aliporudi, mke wake hakupandisha sauti. “Baba Esta, wewe unaendaga kuitafuta biashara Bunda, nayo imekaa hapa inakusubiri. Ukiongeza kitu kingine kwenye hicho kibao, mimi narudi kwetu.”

Akaketi, akaifungua taa ya kwanza. Kibao kilipakwa rangi upya, kikabaki na maneno matano: Fundi wa Taa za Dagaa. Zilipoingia taa za betri, alijifunza kuzitengeneza nazo. Fremu haikupotea, watoto walimaliza shule, na nyumba ya Kitaji ilijengwa kwa taa hizo.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Hata wodini alimnong'oneza mke wake kwamba pale hakuna anayeuza uji wa ulezi, na nafasi ni kubwa. Scholastika akamwambia alale.

Alifariki mjini Musoma asubuhi ya Ijumaa, tarehe 7 Novemba 2025, zikiwa siku za mbalamwezi. Scholastika alipoambiwa, alisema, “Amefunga tena mbalamwezi, huyu mzee.” Ndipo akalia, na sisi wote tukalia.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, Esta, Clever na Jeska, na wajukuu sita. Wavuvi mliokuja, mama anaomba niwatangazie: kesho duka la Nyasho litakuwa wazi. Clever atakuwepo. Leteni taa.

Kaka, umehangaika vya kutosha. Mungu akupe pumziko la amani, na huko usianzishe kitu.