Mgongo wa Fundi na Kombe Letu

Benchi letu limeegemea ukuta kati ya kinyozi, ambaye ni mimi, na duka la fundi cherehani. Kesho ndiyo mechi ya kugombea ngao ya kufungua msimu wa soka la wanawake, bingwa wa ligi dhidi ya bingwa wa kombe, na bingwa wa kombe ni sisi. Nasema sisi kifua mbele, maana golikipa ni binti wa fundi, kakulia hapa hapa akidaka mipira ya vitambaa vya baba yake. Ila fundi mwenyewe aliwahi kwenda uwanjani mara moja tu, na siku hiyo binti akafungwa manne. Fainali ya kombe tukamkalisha hapa benchini, akaipa redio mgongo. Tukashinda! Tangu hapo mgongo wake ni mali ya mtaa. Sasa leo asubuhi, kahawa bado ya moto, katuambia kesho anakwenda uwanjani.

— Huendi, akasema Katiba, karani mstaafu mwenye kanuni za kila kitu. Asiyekuwepo na lake halipo. Wewe usipokuwepo, na mkosi wako haupo. Jambo liko wazi.

— Lakini ni mwanangu, akasema fundi, pini mdomoni.

— Alikuwa mwanao. Siku hizi ni golikipa wetu.

Puncha, fundi baiskeli, akaweka kikombe chini.

— Mimi hili nimelipigia hesabu. Fundi, alipokuwa mdogo ulimbeba mgongoni?

— Mama yake alifariki, nani mwingine angembeba?

— Umeona! Mtoto kauzoea mgongo. Ukimpa uso anachanganyikiwa, hajui mpira unatokea wapi.

— Sasa mgongo na redio wapi na wapi? nikauliza.

— Kinyozi, unadhani mawimbi yanakuja tu? Yanakuja na yanarudi!

Na mimi nisipitwe, nikatoa langu:

— Mnasahau kwamba siku ya fainali nilikuwa nimemnyoa fundi upande mmoja, umeme ukakatika. Kesho nimnyoe nusu tena.

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, akasema Katiba. Fundi akijitembeza hadi uwanjani, tumekwisha.

— Tena tumweke katikati ya barabara, Puncha akadakia, mgongo uelekee uwanjani sawasawa, magari yazunguke. Na ngao ikija ipite hapa kwanza. Mgongo huu ndio uliodaka penalti ya mwisho!

— Penalti kadaka binti yangu!

Fundi alikuwa kasimama. Sijawahi kumsikia akipaza sauti namna ile.

— Kadaka kwa mkono wa kushoto, kajirusha mpaka chini kabisa. Nimehadithiwa. Uwanja mzima umeona, mimi babake nimehadithiwa!

Hapo hakuna aliyecheka. Mlangoni mwa duka alikuwa amesimama dada mmoja, nesi aliyehamia mtaani juzi, kaleta sare yake ipunguzwe. Alikuwa ametusikiliza muda wote.

— Samahani, kaka zangu. Binti mwenyewe amesema anataka baba yake akae wapi?

Katiba akajimiminia kahawa nyingine. Puncha akageukia baiskeli ya mteja, akaanza kuzungusha gurudumu lisilo na ubovu. Mimi nilimtazama fundi, naye akanitazama. Mtaa mzima tulikuwa tunajivunia yule mtoto, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Fundi akatoa simu, akampigia binti yake kambini, akaweka spika kwa kuwa sikio lake moja halisikii vizuri.

— Baba? Kuna nini? Nani anaumwa?

— Haumwi mtu. Nilitaka kukuuliza, mwanangu. Hiyo kesho, unataka nikae wapi?

— Kaa nyuma ya goli langu.

— Na wakikufunga je? Watu wanasema nina mkosi.

— Wakinifunga ndipo ninapogeuka, baba. Nikiwa nafuata mpira wavuni. Kila nikigeuka nakutafuta, sikuoni.

Benchi zima tuliinamia vikombe vyetu. Nilijisikia vibaya, na papo hapo kifua kilinijaa kwa ajili ya yule mtoto.

— Utaniona, akasema fundi. Nitavaa suti.