Kahawa ya Watu wa Posa

Basi la Meru lilipotoka Embu, mama mmoja, Rwamba, alipakata kopo lake la kahawa, akawategea sikio wanaume wawili wasiojuana walioketi mbele yake.

"Miaka yote nalima kahawa bila kuionja," alisema mkulima wa Chuka. "Juzi nikainywa jioni. Bwana, nilikodolea paa macho mpaka jogoo akawika!"

"Basi una roho nyepesi," akajibu mwenzake, mpishi wa shamba la ngano huko Timau. "Mzungu wangu akishakula jioni, kahawa inayobaki kwenye birika ni yangu. Naimaliza, nalala fofofo."

"Hapo unanidanganya, mzee."

"Njoo Timau usikie ninavyokoroma!"

Rwamba aliguna. Jioni hiyo watu wa posa wangekuja kwa binti yake mdogo, na kwa sababu ya kafyu ya Hali ya Hatari wangelala hapo hapo, wakizungumza mahari usiku. Kwenye posa ya binti mkubwa, mume wa Rwamba alisinzia, na kila alipoangusha kichwa, wageni walimshukuru kwa kukubali kupunguza mbuzi wa mahari. Ndiyo sababu ya kopo. Sasa je, mumewe ni kama huyu wa Chuka, au ni kama yule wa Timau?

Basi liliposimama Karurumo, wale wawili walikuwa bado wanabishana. Rwamba akashuka akitabasamu. Wageni nao watamiminiwa kahawa. Atakayeangusha kichwa kwanza, huyo ndiye atakayekuwa amekubali.